Neno "Ndoa" Tunalitetea, Cheti Je?

 

Kuna mjadala unaowashika vijana wetu kila baada ya muda. Mmoja anauliza: ikiwa nchi fulani imeamua kuwapa watu wa jinsia moja haki za kisheria, si bora iwape chini ya jina jingine, liitwe muungano wa kiraia, na neno "ndoa" waachiwe wenye dini? Mwingine anamjibu kwamba jina halibadilishi kitu, nguruwe ukimwita mbuzi bado ni nguruwe. Wa tatu anasema serikali iliache kabisa hilo neno, iandikishe mikataba tu, ndoa ibaki msikitini na kanisani. Ikifika saa tano usiku watu wameshatoana kwenye dini, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Msimamo wetu Waislamu unajulikana na hatuna haja ya kuurudia kwa kelele. Nikah ni ya mwanamume na mwanamke, ina walii, ina mashahidi, ina mahari. Lakini mjadala wa majina ni mjadala wa sheria, na kwenye sheria ukikosea neno unaweza kumwumiza mtu ambaye hukumkusudia. Pengine huyo mtu ni dada yako.

Hebu tuone hilo jina limetoka wapi. Uingereza ilipitisha sheria ya muungano wa kiraia mwaka 2004. Hesabu ya kisiasa haikuwa siri: wapewe karibu kila anachopata mume na mke, urithi, pensheni, kutambuliwa kama jamaa wa karibu hospitalini, ila neno "ndoa" lisiguswe. Ukuta huo ulidumu miaka 9. Mwaka 2013 ikapita sheria ya ndoa ya jinsia moja kwa England na Wales, na harusi za kwanza zikafungwa Machi 2014. Halafu likatokea jambo la kuchekesha kidogo. Mwanamume na mwanamke, Charles Keidan na Rebecca Steinfeld, wakaenda mahakamani kusema wao ndoa hawaitaki, wanautaka ule muungano wa kiraia waliotengewa wenzao. Mahakama ya Juu ya huko ikawapa ushindi Juni 2018, na tangu mwisho wa 2019 mume na mke wa England wanaweza kukaa maisha yao yote wakiwa hawajaoana, kwa cheti cha serikali. Kwa hiyo anayesema tulinde neno kwa kutunga neno la pili, na aangalie yaliyowapata waliojaribu.

Afrika Kusini walipita njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2006 inawaachia wanaoandikishwa wachague wenyewe, iitwe ndoa au iitwe muungano wa kiraia, haki ni zile zile. Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililotukalisha chini kuandika. Miaka yote hiyo, mwanamke Mwislamu wa Cape Town aliyeozeshwa na imamu, nikah halali mbele ya jamaa zake wote, hakuwa mke machoni pa sheria ya ndoa ya nchi yake. Alichopata alikipata vipande vipande, kesi baada ya kesi. Ilibidi ifike tarehe 28 Juni 2022 ndipo Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba sheria za ndoa na talaka za nchi hiyo zinakiuka katiba kwa kutozitambua ndoa za Kiislamu.

England nako hivyo hivyo. Kuna kesi ya wanandoa waliofunga nikah mwaka 1998 katika mkahawa mmoja London, imamu yupo, wageni wapo, wakakubaliana kwamba ya serikali wataifanya baadaye. Hiyo baadaye haikuja. Wakazaa watoto wanne. Walipoachana, mama akataka talaka ya mahakama ili apate haki zake, na Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba kisheria ile sherehe haikuwa ndoa, hata ndoa batili haikuwa.

Unaona? Sisi tunabishana kama watu wa jinsia moja waitwe hivi au vile, na wakati huo huo dada zetu wenye nikah sahihi kabisa hawana jina lolote mbele ya sheria.

Turudi nyumbani. Kenya huu mlango hauko wazi wala haujaegeshwa. Ibara ya 45(2) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 3, inaeleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wa mke mmoja au wa wake wengi, ulioandikishwa. Kisha inaweka milango mitano: ya Kikristo, ya kiraia (ile wazee wetu wanaiita "ya kwa DC"), ya kimila, ya Kihindu, na ya Kiislamu. Na kifungu cha 49 kinasema chochote ndani ya sheria hiyo kinachogongana na sheria ya Kiislamu hakimhusu Mwislamu. Ongeza Ibara ya 170 iliyoweka Mahakama za Kadhi. Ukilinganisha na ndugu zetu wa Cape Town na London, sisi tumepewa mlango wetu wenyewe, wenye jina letu juu yake. Ila unajua mlango ukiwa wazi bila mtu wa kuingia ni nini? Ni upepo tu.

Kabla hatujafika huko, kuna jambo la kuliweka sawa. Neno "ndoa" nchini mwetu limekuwa likibebeshwa mizigo isiyo yake. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 3 kwa 2, kwamba Bodi ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za watu wa jinsia moja kwa sababu tu ya jina na watu wake. Siku ile ile simu zikajaa: ati mahakama imehalalisha ndoa ya mashoga! Haikufanya hivyo. Neno lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa "kujumuika". Kanuni ya Adhabu haikuguswa, Ibara ya 45 haikuguswa. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, aliomba hukumu ipitiwe upya, na Septemba mwaka huo ombi lake likatupwa.

Wapo kati yetu, masheikh tunaowaheshimu wakiwemo, wanaoona hukumu ile ni makosa. Majaji wawili nao waliona hivyo, mmoja wao Jaji Mohamed Ibrahim. Basi ipinge, lakini ipinge kwa kile ilichosema. Na kabla hujaipinga, kumbuka Aprili 2015. Orodha ilitoka kwenye gazeti rasmi la serikali ikiwa na majina ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na ndani yake yamo MUHURI na HAKI Africa, mashirika yaliyokuwa yakiuliza vijana wa Kiislamu wanaopotea wako wapi. Akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa ndiyo iliyoamuru zifunguliwe, Novemba mwaka huo. Haki ya kujumuika ndiyo iliyotuokoa sisi siku ile. Ukimpa afisa wa serikali kalamu ya kufuta shirika kwa sababu hapendi watu wake walivyo, usishangae siku akikufuta wewe kwa kalamu ile ile.

Na Kakuma je? Machi 2021, katika Kakuma 3, makazi ya wakimbizi waliokimbia kwao kwa sababu hii hii ya jinsia moja yalirushiwa bomu la petroli usiku. Wawili waliungua vibaya, na mmoja wao akafariki Aprili. Hakuna hata mmoja wa watu wale aliyekuwa na fomu ya ndoa mkononi. Walikuwa wamelala. Tumesikia vijana wakisema "tunailinda ndoa" baada ya mambo kama haya, na jibu letu ni fupi: katika dini yetu hukumu haitolewi na mwenye kiberiti. Mkimbizi aliyelala, nafsi yake ina ulinzi kama yako, na wewe uliyekimbia Mogadishu au Bujumbura wajua maana ya kuchomewa nyumba.

Tumelimaliza hilo. Sasa ndoa yenyewe.

Huku Turkana neno moja "ndoa" linabeba vitu vitatu, na kila mtu ana chake. Kwa wazee wa Kiturkana ndoa haijatimia mpaka mifugo imetoka, na watoto waliozaliwa kabla ya hapo wanaweza kuhesabiwa wa ukoo wa mama. Kwa sheikh, nikah ikishasomwa na mahari yakatajwa, basi, mumeoana. Kwa serikali ni cheti. Wala si Turkana peke yake ambako neno hili ni pana. Kwa Wanandi kuna mila ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake ili watoto wa yule mke wawe warithi wake, bila mambo ya kitandani baina yao, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimtambua mke wa namna hiyo katika kesi ya mirathi. Mahakama ikishika neno "ndoa" mara nyingi inatafuta kitu kimoja: nani anarithi, nani anatunzwa, nani anaaminiwa akisema "mimi ni wake".

Chukulia dada wa Kiturkana aliyesilimu hapa Lodwar. Baba yake si Mwislamu, kwa hiyo hawezi kuwa walii wake, na kazi hiyo ni ya Kadhi. Lakini ni ndefu, na mchumba ana haraka, kwa hiyo anatafutwa ustadh mmoja, rafiki wa bwana harusi, inasomwa nikah sebuleni baada ya Ishaa, na soda zinanyweka. Upande wa baba mbuzi na ngamia waliahidiwa, wakatoka nusu. Upande wa serikali hakuna kilichokwenda. Miaka sita, watoto watatu, duka moja la nguo. Kisha bwana anafariki barabarani akitoka Kitale na mzigo. Ndugu zake wanafika kutoka mbali, wanamkuta mwanamke kwenye duka, wanamwuliza swali la maneno mawili: wewe nani?

Kwa sheria yetu thumuni ya mali ni yake, maana marehemu ameacha watoto, na watoto wana mafungu yao. Sheria ya Urithi ya Kenya inakubali mirathi ya Mwislamu igawanywe hivyo. Lakini fungu la mke ni la mke, na ni yeye wa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Ustadh aliyesoma ameshahamia Isiolo. Mashahidi ni wawili, mmoja yuko Juba. Ukoo wa baba nao wanasema kwetu hakuolewa, mifugo haikutimia. Mama huyu aliolewa mara mbili na hana ndoa hata moja ya kuonyesha.

Usijifariji kwamba mahakama itaona tu mliishi pamoja. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba dhana ya ndoa kutokana na kuishi pamoja itumike kwa nadra, na anayedai ndoa kama hiyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, kwa ushahidi mzito: muda mrefu, nia ya kuoana, ridhaa ya wote wawili, na kwamba walijitambulisha kwa watu kama mume na mke. Iliwaambia hata Bunge watunge sheria kwa ajili ya wanaoishi pamoja bila kuoana. Yaani, kile tunachokicheka kwa Wazungu, jina la pili kwa wasio na ndoa, mahakama yetu imeshakigusa, na hakihusiani na jinsia moja hata kidogo. Kikija, wa kwanza kuangukia humo watakuwa wake zetu wa nikah za sebuleni.

Kambini ni mbaya zaidi. Kakuma ipo tangu 1992, kuna waliozaliwa humo, wakaolewa humo, wakazaa humo. Nikah nyingi zimeandikwa kwenye daftari la msikiti, la shule, la kurasa 96, na nyingine hazikuandikwa popote. Hakuna anayeuliza mpaka siku ya mahojiano ya kupelekwa ng'ambo. Hapo ndipo unagundua kwamba fomu ina maneno yake. Kanada, kwa mfano, ina "mke au mume" na ina "mwenza" aliyeishi nawe kinyumba angalau mwaka mmoja. Ndoa isiyotambulika kisheria mahali ilipofungwa haiingii kwenye sanduku la kwanza. Kwa hiyo dada aliyetolewa kwa walii, mashahidi na mahari, aliyejihifadhi ujana wake wote, huenda akaingia Toronto akiwa ameandikwa kwenye sanduku moja na walioamua tu kukaa pamoja. Fikiria hilo kwanza ndipo uandike tena kuhusu utukufu wa neno "ndoa".

Na mke wa pili tusimsahau. Sheria ya Kenya inaitambua ndoa ya Kiislamu kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Marekani na nchi nyingine nyingi zinazopokea wakimbizi hazitambui. Mume wa wake wawili akiitwa, anaambiwa achague, na asiyechaguliwa anabaki na watoto akihesabiwa mama asiye na mume. Hili cheti cha Kenya hakilitibu, tuseme ukweli. Lakini mwanamke mwenye cheti ana la kumpelekea Kadhi: matunzo ya watoto, mahari yaliyobaki, talaka iliyoandikwa kama talaka ipo. Asiye nacho anabaki kusimulia.

Kuna wanaotujibu kwamba Mtume (s.a.w.) na masahaba hawakuwa na vyeti. Kweli. Nikah ya sebuleni yenye masharti yake ni nikah, na hatumwiti mtu mzinzi kwa kukosa karatasi. Ila aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na kuweka mashahidi, liwe dogo au kubwa. Mahari si deni? Matunzo si deni? Tunaandikiana deni la boda na la simu ya mkopo, tunaona uzito kuandika la mwanamke.

Basi wewe unayetaka kuoa baada ya Ramadhani, na wewe dada unayeposwa, haya ndiyo ya kufanya. Mwulizeni sheikh kabla ya siku: una idhini ya Msajili wa Ndoa? Sheria inataka Kadhi, sheikh au imamu anayeozesha awe na idhini hiyo, aandike, awape cheti, na apeleke nakala. Kama hana, si dhambi yake, mtafuteni mwenye nayo. Mahari yaandikwe kiasi chake, yaliyolipwa na yaliyobaki, isije kuwa "alimpa kitu". Wote wawili muwe mmetimiza miaka 18, hapo hatubishani. Mturkana aliyesilimu aende kwa Kadhi kwa ajili ya walii, na mambo ya mifugo yazungumzwe na wazee waziwazi, maana ukoo uliodharauliwa hausahau.

Walioshaoana zamani bila karatasi, nendeni Mahakama ya Kadhi Lodwar na mashahidi mngali nao. Kadhi anaweza kuwasikiliza na kuithibitisha ndoa. Kutoka Kakuma ni kama kilomita 120, tunajua nauli si mchezo na mkimbizi anahitaji ruhusa ya kutoka kambini. Kwa sababu hiyo tunawaomba maimamu wa Kakuma na Kalobeyei waanze na kilicho karibu: kila daftari la nikah lipigwe picha, kurasa zote, nakala ikae mahali pawili tofauti. Mvua ikinyesha kwa nguvu mto Tarach haubagui daftari la ndoa na gunia la unga.